Ringi na Kutu: Habari za Gurudumu la Trekta Katika Bonde la Kilombero

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kitu kisichotazamwa sana na watu, nacho ni ringi ya gurudumu la trekta, yaani ule mviringo wa chuma unaoshika tairi. Labda mtauliza, "Je, ringi nayo ina historia?" Naam, inayo, tena ndefu. Ndani yake mna habari za wahunzi wetu wa kale, za wapagazi, za vita, na za fedha nyingi zilizopotea bure. Tena mna fundisho ambalo mkulima hulihitaji kila mwaka kabla ya mvua kuanza.

Mtu apitaye njia ya kutoka Mikumi kwenda Ifakara, akiisha kuvuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, huiona milima ya Udzungwa mkono wake wa kuume, na mashamba ya miwa mkono wake wa kushoto. Mwendo si mwingi hufika Sanje, kijiji kilicho chini ya milima hiyo, ambapo maporomoko ya Sanje huanguka kutoka juu kadiri ya mita 170. Nchi hii imejaliwa maji. Maji ndiyo yanayoleta mpunga na miwa, lakini kila mwenye chombo cha chuma ajua kwamba maji hayo hayo humletea adui, naye ni kutu.

Tuseme basi kwamba hapo Sanje, katika mwezi wa Novemba, liko trekta moja la zamani limesimama chini ya mwembe. Injini yake ni nzima, na plau yake ni nzima. Lakini tairi moja la nyuma limelala, kwa sababu ringi yake imeliwa na kutu hata kidole chapita. Mawingu yamekwisha kukusanyika juu ya Udzungwa. Majirani waliotoa fedha zao ili walimiwe mashamba ya mpunga wanakuja asubuhi na jioni kutazama, na kila mmoja aondoka kimya. Ringi mpya iko mbali, Morogoro au Dar es Salaam, na bei yake si ndogo. Je, trekta hili limekufa, au laweza kupona? Kabla ya kujibu, na tumjue kwanza adui mwenyewe.

Kutu haitokani na uchawi, wala si uzee tu. Kutu huzaliwa pale chuma, maji na hewa vikutanapo. Ukizuia maji au hewa, haizaliwi; ndiyo maana chuma kilichopakwa mafuta au rangi hudumu. Ubaya wake wa pili ni kwamba kutu haifuniki chuma kama gome lifunikavyo mti. Huvimba, hubambuka, huinua rangi iliyo kando yake, na kufungua mlango ili maji mengine yaingie. Hivyo ringi yaweza kuonekana nzuri kwa nje, na kumbe chini ya rangi imebaki nyembamba kama jani.

Sasa chukua kutu kidogo uisage kiganjani. Utaona unga mwekundu kama udongo. Na kwa kweli ni namna ya udongo, maana unga ule umekaribia sana kuwa kitu kimoja na mtapo, yaani lile jiwe jekundu ambalo wazee wetu walikuwa wakilichimba ili wapate chuma. Chuma hutolewa katika udongo kwa moto, na kikiachwa bila mlinzi hurudi katika udongo kwa maji. Mhunzi wa kale alisimama katika njia ya kwenda. Fundi wa leo asimama katika njia ya kurudi, akikizuia chuma kisirudi kilikotoka.

Wahunzi hao hawakuwa wachache katika nchi yetu. Katika Ufipa walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, zenye matundu chini, zikavuta hewa zenyewe pasipo mivukuto. Wapangwa, walio katika milima ya upande wa Ziwa Nyasa, walisifiwa kwa majembe yao. Katika Buhaya wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta dalili za kuyeyusha chuma zilizo na umri wa kadiri ya miaka 2,000. Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Mtapo ulichimbwa, miti migumu ikachomwa makaa, tanuru ikawashwa mchana na usiku, na mwisho wake likatoka bonge la chuma lililochanganyika na mavi ya chuma, likafuliwa tena na tena mpaka likasafika. Si ajabu kwamba mahali pengi jembe lilitolewa mahari. Mtu aliyepata jembe kwa taabu hiyo hakuliacha nje usiku likinyeshewa, na lilipochakaa hakulitupa, bali alilirudisha kwa mhunzi lifuliwe upya.

Walakini, pamoja na ustadi huo wote wa chuma, watu wa bara hawakutumia gurudumu. Wengine wamedhani kwamba hiyo ilikuwa ni ujinga. Sivyo. Gurudumu halijivuti lenyewe. Lataka mnyama wa kulivuta na njia ya kupitia. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi katika sehemu nyingi kati ya pwani na maziwa. Wamisionari wa Kiingereza walilijaribu jambo hilo wenyewe. Mwaka 1877 Alexander Mackay, aliyekuwa fundi wa mashine, alisimamia kazi ya kukata njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, urefu wa kadiri ya maili 230, ili magari ya ng'ombe yapite. Lakini ng'ombe wa misafara ya siku zile walikufa njiani, na mizigo ikarudi mabegani mwa watu.

Katika bonde la Kilombero palikuwa na sababu nyingine tena. Masika yajapo, mto hufurika na kuifunika nchi tambarare, hata mahali palipokuwa njia panakuwa ziwa. Mtumbwi wa Mndamba ulifanya kazi ambayo gari lisingeweza kuifanya. Kwa hiyo mwenye mtumbwi hakuwa na haja ya gurudumu, na asiye na mtumbwi alikuwa na kichwa chake.

Nasema kichwa chake, na neno hili halina mzaha. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalipigana pande hizi. Wadachi walirudi nyuma mpaka Mahenge, na mji huo ukatwaliwa na Wabelgiji mwezi wa Oktoba 1917. Magari ya mota yalikuwako machache, lakini yalizama katika matope. Basi chakula, risasi na dawa vilichukuliwa na watu. Katika vita ile wapagazi makumi ya maelfu walikufa katika Afrika ya Mashariki, wengi wao kwa njaa na maradhi, wala si kwa risasi. Penye upungufu wa magurudumu, watu waligeuzwa kuwa magurudumu, na walipochakaa hapakuwa na fundi wa kuwatengeneza. Kila tunapoliona gurudumu bovu limetupwa shambani, yafaa tuwakumbuke watu wale.

Na sasa tulitazame gurudumu lenyewe lilivyokua. Gurudumu la kale la gari la ng'ombe lilikuwa la mbao, na mbao hupasuka juu ya mawe. Wahunzi wa nchi nyingi walipata akili moja. Walikunja bamba la chuma likawa pete iliyo ndogo kidogo kuliko gurudumu, wakaitia motoni mpaka ikatanuka, wakaivika gurudumu ingali nyekundu, kisha wakaimwagia maji. Pete ikasinyaa ghafula na kuzibana mbao zote pamoja. Msingi wa ringi ni huo: mviringo wa chuma unaobana, wenye nguvu kwa kuwa hauna mwanzo wala mwisho. Ukikatika mahali pamoja tu, nguvu zote zimekwisha.

Trekta la kwanza la mafuta lililofaa kwa kazi, mbele na nyuma, lilitengenezwa Marekani mwaka 1892 na mtu aliyeitwa John Froelich. Mwaka 1917 Henry Ford alianza kuyatoa matrekta ya Fordson kwa wingi na kwa bei ambayo wakulima wengi wa kwao waliweza kuilipa. Magurudumu ya siku zile yalikuwa ya chuma kitupu, na yale ya nyuma yalikuwa na meno makubwa ya kushika ardhi. Hayakuogopa miiba wala visiki. Lakini yalimtikisa dereva hata mifupa ikamwuma, yaliharibu barabara, tena yalikwenda polepole sana.

Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers katika Marekani ilijaribu kulivika trekta matairi ya mpira ya Firestone yaliyokusudiwa ndege. Watu wakacheka, wakisema mpira hauwezi kushika udongo. Kumbe tairi pana lenye upepo mdogo lilishika vizuri, likaenda mbio zaidi, na likapunguza mafuta yaliyoteketea. Kabla ya miaka 10 kupita matrekta mapya mengi sana ya Marekani yalikuwa ya mpira. Ndipo ringi ilipopata kazi yake mpya. Zamani chuma cha gurudumu kilisuguliwa na udongo kila siku, kutu ikaondolewa na kazi yenyewe. Sasa chuma kikafichwa ndani ya mpira, gizani, mahali ambapo maji yakiingia hayatoki, na jicho la mwenye trekta halifiki.

Vita ya pili ilipokuja, na Wajapani walipoitwaa Malaya mwanzoni mwa mwaka 1942, mpira ukawa adimu duniani. Wakulima wengine wa Marekani walirudia magurudumu ya chuma. Hata katika Tanganyika mashamba ya mpira, yaliyoachwa tangu bei ilipoanguka mwaka 1913, yaligemwa tena.

Baada ya vita hiyo ndipo nchi yetu ilipoona mashine nyingi kuliko zote zilizotangulia. Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya kupikia kwa watu wake, ikakusudia kulima karanga katika Tanganyika eka zaidi ya milioni 3, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana kwa haraka, basi yakanunuliwa yaliyobaki katika vita, mengi yao kutoka Visiwa vya Filipino. Tena vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Mengi katika mashine hizo yalikuwa ya minyororo, si ya matairi, lakini habari yake ni ile ile. Zilikwisha kuchoka kabla hazijafika. Zikakutana na mibuyu, na vichaka vyenye mizizi ya kutatana, na udongo uliokauka kama saruji, wenye mchanga mkali uliokula vyuma vya plau.

Je, ziliharibiwa na mibuyu? Kwa sehemu. Lakini yaliyozishinda zaidi ni mambo ambayo hayakuhesabiwa vizuri katika makaratasi: karakana hazikuwa tayari, vipuri havikuwapo, mafundi walikuwa wachache, na madereva hawakufundishwa vya kutosha. Kabla ya mwaka ule wa 1947 kwisha, thuluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa hayakufaa tena kwa kazi. Walikusudia kulima eka 150,000 katika mwaka wa kwanza. Zilizopandwa Kongwa zilikuwa kadiri ya 7,500. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukavunjwa, na Waingereza wakafuta katika vitabu vyao hasara ya pauni zipatazo milioni 36.

Wasikilizaji wangu, hasara hiyo husimuliwa mara nyingi kama kichekesho, na watu husema, "Walileta karanga pasipo mvua." Ni kweli kwamba mvua iliwapunja. Lakini mimi naona fundisho lake kubwa liko katika karakana. Mashine haifi kwa uzee. Hufa kwa kukosa mtu wa kuitengeneza. Waliagiza matrekta kwa mamia, lakini mafundi hawaagizwi kwa meli kama masanduku. Fundi hulelewa. Na fundisho hili halikushikwa upesi, maana hata baada ya Uhuru makao mapya ya wakulima yalianzishwa kwa mashine za gharama kubwa, na mwaka 1966 Serikali ikaona kwamba gharama zimezidi faida, ikaacha njia hiyo.

Tukirudi sasa katika bonde letu, twaona kwamba mashine zilichelewa kufika. Mwaka 1929 wapimaji walikuwa wamekwisha kuandika habari za reli ya kupita upande huu na za rutuba ya bonde la Kilombero, lakini reli haikujengwa wakati ule. Miaka ya mwanzo ya 1960 kiwanda cha sukari kilianza kazi karibu na Kidatu, na mwaka 1965 reli ya kutoka Kilosa kwa njia ya Mikumi ikafika hapo. Kisha, kati ya mwaka 1970 na 1975, ikajengwa reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia, urefu wa kilometa 1,860, ikipita chini ya milima ile ile ya Udzungwa hadi Ifakara na Mlimba. Mafundi wa Kichina na vijana wa Kitanzania walifanya kazi bega kwa bega. Katika Mang'ula, jirani ya Sanje, palikuwa na kituo kikubwa cha ujenzi na karakana yake, nayo baadaye ikawa kiwanda cha mashine na vipuri. Kiwanda hicho nacho kilidhoofika baadaye. Lakini mlango wa kiwanda waweza kufungwa kwa kufuli; ustadi uliokwisha kuingia mkononi mwa mtu haufungiki. Tena mwaka 1975 mitambo ya umeme ya Kidatu ilianza kazi, na umeme ndio moto wa mhunzi wa siku hizi.

Matrekta yaliyozoeleka sana katika vijiji vya nchi yetu ni ya Massey Ferguson, kama vile namba 35 na namba 135, yaliyotengenezwa katika miaka ya 1950, 1960 na 1970. Mengi yao hayakununuliwa mapya. Yalifanya kazi kwanza Ulaya, yakauzwa, yakaletwa kwetu. Na hapa liko jambo ambalo wenye matrekta hawa wengi hawalijui, nalo ni asili ya kutu ya ringi nyingi.

Trekta jepesi huteleza shambani. Kwa hiyo watu wa Ulaya na Marekani walianza kutia maji ndani ya tyubu za nyuma ili kuongeza uzito. Tyubu moja huingia maji zaidi ya lita 100, na kila lita ni kilo nzima. Lakini katika nchi zao maji huganda wakati wa baridi, yakawa barafu na kupasua. Basi wakachanganya na chumvi iitwayo kalsiamu kloraidi, ambayo huzuia maji yasigande, tena huyaongeza uzito. Chumvi hiyo ni mlaji mkubwa wa chuma. Tyubu ikitoboka kidogo tu, au kinywa cha upepo kikivuja, maji ya chumvi hushuka katika ringi. Na hata yakikauka, chumvi iliyobaki huvuta unyevu wa hewani, chuma kikabaki kibichi wakati wa kiangazi pia.

Sasa fikirini. Katika Kilombero hakuna barafu. Mkulima wa Sanje hana haja hata kidogo ya chumvi ile. Walakini ringi yake yaweza kuliwa na dawa iliyotiwa kwa ajili ya baridi ya nchi ya mbali, baridi ambayo yeye hajaiona maisha yake. Ndivyo urithi wa mashine ulivyo: mtu hununua nguvu zake pamoja na maradhi yake, na asipouliza habari za maisha yake ya kwanza, atayajua maradhi hayo siku ya kazi. Kwa bonde hili maji safi yatosha, au vyuma vya uzito vifungwavyo katika gurudumu.

Haya, na turudi chini ya mwembe. Trekta lile laweza kupona? Laweza, ikiwa fundi ana subira.

Neno la kwanza ni la uhai na mauti. Fundi asichomelee ringi kamwe tairi likiwa bado limevikwa, hata kama upepo umetolewa. Moto wa kuchomelea huunguza mpira kwa ndani, mpira hutoa mvuke, na mvuke ule katika nafasi iliyofungwa waweza kulipuka kama bomu. Watu wamekufa kwa haraka hiyo katika nchi nyingi. Tairi na tyubu vitoke kabisa, viwekwe mbali.

Kabla ya hapo trekta limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya magogo imara, maana jeki peke yake si tegemeo. Maji yametolewa katika tyubu, kwa kuwa gurudumu lililojaa maji likimwangukia mtu litamvunja. Yakiwa ni maji ya chumvi, yasimwagwe penye mimea wala karibu na kisima.

Kisha ringi husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma cheupe kionekane, na kuoshwa kwa maji safi mengi ili chumvi yote itoke, ikaanikwa. Ndipo fundi achukue nyundo ndogo aigonge ringi pande zote na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Mahali panaposikika hivyo atie alama ya chaki. Mara nyingi kutu huanzia penye tundu la kinywa cha upepo, na pale ambapo vishikio vya bamba la katikati vimeunganishwa na ringi, kwa sababu matope hujificha hapo.

Hapa fundi mvivu hufanya kosa. Hubandika kiraka juu ya kutu, akapaka rangi, akachukua fedha zake. Chuma chembamba hakishiki moto; hutoboka, na kilichobaki chini ya kiraka huendelea kuliwa. Fundi wa kweli hukata sehemu mbovu yote mpaka akute chuma kizima, hata kama tundu litakuwa kubwa kiasi cha kumtisha mwenye trekta. Kisha hutafuta kipande cha unene ule ule. Kizuri zaidi ni kile kilichokatwa katika ringi nyingine iliyokufa, kwa kuwa kimekwisha kukunjwa kwa mviringo unaofaa. Hukichomelea kidogo upande huu, kidogo upande wa pili, akiacha kipoe, ili joto lisiipinde ringi. Upande wa ndani husagwa mpaka ukawa laini, usimkate tyubu wala tairi. Mwisho huizungusha ringi huku ameshika chaki karibu na ukingo wake: ikigusa mahali pamoja na kuacha pengine, bado haijanyooka.

Ikiisha kunyooka hupakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu, ndani na nje, na kuachwa ikauke kweli. Utepe uliokatwa katika tyubu kuukuu huzungushwa ndani ili kulinda tyubu mpya. Nati hukazwa kwa kupishana, na baada ya saa chache za kazi hukazwa tena. Lakini ikiwa matundu ya bolti yamepasuka, au ukingo unaoshika tairi umeliwa mviringo mzima, fundi mwaminifu atamwambia mwenye trekta, "Mzee, hii haifai tena." Kusema hivyo nako ni sehemu ya ustadi.

Mtaona kwamba katika kazi hiyo yote hakuna kitu ambacho mhunzi wa Ufipa asingekielewa. Angeushangaa umeme, lakini nyundo angeijua, na sikio lijaribulo chuma angelijua, na subira angeijua kuliko sisi. Hata zilipokuja bidhaa za Ulaya na tanuru za kuyeyushia zikazimika moja baada ya moja, kufua hakukufa. Wahunzi walichukua springi za magari mabovu, wakazifanya mapanga na majembe.

Basi, ninyi wanafunzi msiidharau kazi ya chuma, mkidhani kwamba elimu ni ya kalamu tu. Fedha zilizopotea Kongwa zilihesabiwa na watu wenye kalamu nzuri sana. Na ninyi wakulima, msingoje Novemba. Mavuno yakiisha, osheni matope katika magurudumu, gongeni ringi na kusikiliza, pakeni rangi mahali palipobambuka. Kopo moja la rangi mwezi wa Agosti ni rahisi kuliko ringi moja wakati mawingu yamekwisha kutanda.

Chuma kilitoka udongoni kwa jasho la watu, na kila siku chatafuta njia ya kurudi. Chini ya mwembe wa Sanje, siku trekta lile litakapowashwa na kuingia shambani juu ya magurudumu yake manne, majirani wataipata mistari yao ya mpunga kwa wakati, na chuma kile kitakuwa kimezuiwa kwa miaka mingine kadha wa kadha. Kazi ya fundi ndiyo hiyo.